Hodi Chini ya Lori

Mimi si mtu wa kuona vitu. Nakwambia mapema ili usije ukanisikiliza kwa sikio moja. Nimechomelea vyuma tangu ujana wangu, na mtu wa kazi hiyo huamini anachokigusa: chuma kimeshika au hakikushika, basi. Habari za majini nilizisikia kwetu Mambrui tangu utotoni na nilikuwa nazicheka. Tena haya yangu hayakutokea usiku, wala makaburini, wala sikuwa peke yangu. Ilikuwa mchana, jua la utosi, hapo Marereni kwenye barabara ya Garsen, na mke wangu Riziki alikuwapo, akasikia kila nilichosikia. Ukinitilia shaka, muulize yeye. Riziki hajui kutia chumvi kwenye maneno.

Kwanza nikueleze tulifikaje kwenye lori. Riziki alimuuguza mamake miaka kumi na mmoja, katika chumba kimoja, bila kwenda mbali zaidi ya Kilifi. Tulipomaliza arobaini ya mama, nilimkuta uani amekaa juu ya kinu, ananitazama. Akaniambia, "Baba Salma, nyumba isiyotoka nimeikaa ya kutosha. Nitafutie inayotoka."

Mwanamke mwingine angetaka dhahabu. Huyu alitaka nyumba yenye magurudumu. Nilicheka, kisha usiku ule sikulala, kwa sababu wazo lilikuwa zuri na nilikuwa na mikono ya kulifanya.

Nikapata lori kuukuu, lililobeba chumvi Marereni miaka mingi. Bodi ilikuwa imeoza, nikaing'oa, pakabaki kichwa na chesisi, yale mataruma mawili marefu ya chuma yanayobeba lori zima. Hapo juu nikamjengea mke wangu nyumba, na bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, ilikuwa nyumba. Jiko nililipima kwa mkono wake. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha mkono, nami nikatia alama ya chaki pale vidole vilipofika: hapa chumvi, hapa bizari, hapa mbuzi ya kukunia nazi. Kila droo ina kitasa cha kuizuia isifunguke kwenye mashimo. Ukija kutengeneza yako usisahau hilo, maana sahani hazina subira. Sola juu ya paa, betri chini ya kiti, tangi la maji nyuma, mtungi wa gesi ndani ya kabati lake, kitanda juu ya magurudumu ya nyuma. Riziki akashona mapazia ya leso. Wanawake wa Mambrui walikuja kwa zamu kupanda ngazi na kufungua droo, na kila mmoja alishuka akimtazama mumewe kwa jicho baya.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Lori la chumvi huliwa kutoka ndani. Wenye malori hupaka chesisi oili chafu, wakidhani wamelikinga, kumbe chumvi imeshaingia chini yake na inakula taratibu. Nilipokwangua oili ile niliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, urefu wa shubiri, karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikiliwa, chini kabisa ya kitanda. Nilijua wajibu wangu. Chesisi ina mafundi wake, na mimi ni fundi wa mageti na bodi. Lakini mapazia yalikuwa yameshashonwa. Siku ya kuondoka ilikuwa imeshatangazwa kwa majirani wote, na binti yetu Salma, aliyeolewa Garsen, alikuwa ameshaambiwa apike. Ningemwambiaje Riziki angoje tena, yeye aliyengoja miaka kumi na mmoja?

Nikauchomelea. Nikaweka bamba la chuma juu yake, nikasugua, nikapaka rangi nyeusi mara mbili. Ukipita ungesema ni mpya. Sikumwambia mtu, na mtu wa kwanza ambaye sikumwambia ni yule ambaye angelala juu yake.

Tukaondoka asubuhi. Riziki alikaa kando yangu kichwani mwa lori, dirisha wazi, mtandio unapepea, akinionyesha vitu ambavyo mimi nimeviona maisha yangu yote: ng'ombe, mnara wa simu, mtu anayeuza mikeka. Nilijisikia mfalme. Tulipopita Gongoni barabara ikaanza kuruka ruka, na nyuma yetu nikasikia sauti ndogo, nyii, nyii, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Nini hicho?" akauliza.

Nikamwambia ni mbao mpya, zinajipanga. Wewe umeshawahi kusema uongo mdogo ukausikia mwenyewe unavyokaa vibaya mdomoni? Mimi niliusikia, na nikaongeza mwendo.

Tulipofika Marereni, Riziki alitaka kusimama. Alitaka kupika chakula cha kwanza ndani ya jiko lake, na hakutaka kukipikia mbele ya watu. Nikaingiza lori kwenye uwanja mtupu kando ya mashamba ya chumvi. Pale, kama hupajui, hakuna mti wala kichaka. Ni ardhi bapa, maji ya chumvi yaliyokauka, na weupe unaokuumiza macho. Mbuzi akija utamwona tangu mbali. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikavua viatu, Riziki akakuna nazi ndani. Wali wake ulikuwa umeshaanza kunukia.

Ndipo chini ya sakafu pakagongwa. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kwa utaratibu, kama mtu mwenye adabu.

"Hodi," sauti ya mwanamke ikasema.

Nani hupiga hodi kwenye lori? Lori hupigiwa kelele, hupungiwa mkono, hugongwa kwa kofi ubavuni. Nikadhani ni mmoja wa vibarua wa chumvi anaomba lifti, nikanyamaza kwa uvivu. Lakini Riziki alikuwa nyumbani kwake. Bila kuinua kichwa kutoka kwenye mbuzi ya nazi akajibu kama anavyojibu mwanamke yeyote aliye jikoni mwake.

"Karibu."

Mara mwanamke akawa amesimama mbele yangu. Niamini, sikumwona akija. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka, leso amejifunga kiunoni, kitambaa kichwani, kipande cha katoni kwapani na nyundo ndogo mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu wa miaka arobaini hivi, lakini sauti ilikuwa ya mtu mzima sana, na Riziki alipotokea mlangoni akaifuata ile sauti badala ya uso, akamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Kwa jua lile mimi nilikuwa nimelowa jasho hadi kiunoni, na yeye hakuwa na tone hata moja.

Riziki akamkaribisha chakula. Yeye akashukuru, akasema atakubali kidogo, ila kisitiwe chumvi, kwa kuwa chumvi imeshamtosha. Hatukushangaa. Wanaofanya kazi huko wote husema hivyo.

Kisha akapanda ngazi mbili akachungulia ndani. Alifungua droo moja akaifunga, akasikiliza kitasa kikishika, akatabasamu. Akatazama zile alama za chaki ambazo sikuzifuta. Alisema hajaona lori lililotengenezwa kwa upendo namna ile, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikavimba kichwa.

"Nyumba nzuri," akasema. "Inakaa juu ya nini?"

Alishuka akaanza kulizunguka lori, nami nikamfuata pekupeku juu ya ardhi ile ya moto. Nimefanya kazi na mafundi wengi, wa Malindi, wa Mombasa, na mmoja aliyesomea ng'ambo. Sijaona mtu anayelijua lori kama mwanamke yule. Aligonga nati za magurudumu moja moja, akainamisha kichwa, na alipofika kwenye iliyolegea alijua kabla mimi sijasikia tofauti yoyote. Akaniambia magurudumu yakishafunguliwa na kufungwa, nati zikazwe tena baada ya mwendo mfupi, na kila nati ipigwe mstari wa rangi unaoendelea hadi kwenye chuma, ili ikigeuka uione kwa jicho tu. Akavuta kamba chini ya tangi la upepo wa breki, yakatoka maji machafu. Pwani hewa ina maji, akasema, na maji hayo huingia kwenye breki. Kila asubuhi yamwagwe. Je, nilikuwa nimeyamwaga? Nilikuwa bize na mapazia.

Akaendelea, polepole, bila kunidharau. Kabati la gesi nimeliziba pande zote kama sanduku la mahari, lakini gesi ikivuja huenda chini, kwa hiyo sakafu ya kabati itobolewe itokee nje. Tangi la maji nimeliweka nyuma kabisa ya magurudumu, na uzito ule unaning'inia na kuikunja chesisi kila tunaporuka shimo. Maji yakae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Na nyumba yenyewe nimeifunga kwa bolti ngumu kila mahali, kumbe chesisi ya lori lazima ijisokote kidogo barabara ikiwa mbaya. Nyumba ishikwe imara nyuma, mbele ikae juu ya springi, ndipo lori lijipinde bila kuirarua wala kuraruka lenyewe. Nilisikia raha kumsikiliza. Nilisahau hata kujiuliza ametoka wapi.

Kisha akaanza kugonga chesisi yenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma. Ngi, ngi, ngi. Sauti safi. Alipokaribia springi ya nyuma nikapunguza hatua. Ngi, ngi, kisha ndo.

Alitandika katoni lake, akalala chali, akajivuta chini ya lori. Nikaona nyayo zake zimebaki nje, zimepasuka, nyufa zimejaa weupe wa chumvi. Riziki alikuwa amekuja na sahani ya wali na samaki wa kupaka, amesimama kando yangu.

"Hapa pamepakwa rangi na nani?" sauti ikauliza kutoka chini.

Nikasema ndivyo lilivyokuja.

Nyundo ikanyamaza.

"Juu ya hapa analala nani?"

Riziki ndiye aliyejibu, kwa upole, bila kujua anachojibu. "Mimi, mama. Upande wa kushoto ni wangu."

"Basi mwambie, baba," sauti ikasema. "Mimi pia niliambiwa pameshika, nikapanda."

Nikapiga magoti. Nakuapia, nia yangu ilikuwa kumsihi yule mama kwa sauti ya chini, fundi kwa fundi, asinivunjie heshima mbele ya mke wangu. Nikainama nikatazama. Nyayo hazikuwapo. Chini ya lori hapakuwa na mtu. Palikuwa na katoni tu, limetandikwa vizuri, na juu yake sauti ya nyundo inayogonga. Nyundo yenyewe sikuiona, lakini kila sauti ilipotoka, vumbi la kutu lilidondoka kutoka kwenye bamba langu likaanguka juu ya katoni. Ndo. Vumbi. Ndo. Vumbi.

Unadhani nilikimbia? Nilichoweza ni kufungua mdomo, na kilichotoka ni kweli. Nikamwambia Riziki yote, nikiwa nimepiga magoti, paji la uso karibu kugusa chumvi: ufa, bamba, rangi, zile mbao zinazojipanga. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo.

Sauti ikangoja nimalize. Kisha ikanifundisha, kwa utulivu ule ule, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikaniambia nimeuchomelea ufa kama geti, mstari mmoja ulionyooka, na chesisi haichomelewi hivyo. Kwanza tundu litobolewe kwenye kila ncha ya ufa ili usitambae. Kisha uchimbwe, ujazwe, usuguliwe. Bamba la kuongeza nguvu likae ubavuni, lisiguse ukingo wa juu wala wa chini, na ncha zake zikatwe mshazari kama mkia wa samaki ili nguvu isikusanyike mahali pamoja. Tena lifungwe kwa bolti.

"Na rangi iwe ya mwisho," ikasema. "Aone mwingine kwanza, ndipo upake."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Riziki hakupiga kelele. Aliweka sahani kwenye ngazi, akaingia mwenyewe chini ya lori, akalala juu ya lile katoni na kutazama. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na machozi, na sijui kama ni ya hofu au ni kwa ajili yangu. Akasema, "Ningelala juu yake, nawe unajua. Ungesinziaje?"

Nikainuka, nikavaa viatu vyangu.

Tukafungua maji yote ya tangi yakamwagika, ili kuipunguzia chesisi uzito. Riziki akakataa kupanda. Alilikunja katoni akajitwika, akatangulia kwa miguu kwenye jua lile, nami nikamfuata na lori kwa mwendo wake, mpaka gereji ya malori ya chumvi. Vibarua walisimama kututazama. Dereva mmoja akaniuliza kama mke wangu ananipeleka polisi.

Fundi wa pale, kijana wa Kigiriama aitwaye Kazungu, aling'oa bamba langu. Ufa ulikuwa umelipita, umeteremka. Chuma kilichobaki kizima kilikuwa upana wa vidole viwili. Kuzunguka ufa palikuwa na duara jeupe, kama mtu amechora kwa chumvi iliyolowa, na Kazungu alipoliona akaacha spana yake. Akaniuliza kama tulipigiwa hodi.

Alinisimulia kwa kifupi. Palikuwa na mwanamke pale, fundi wa kujifunza mwenyewe, aliyekagua malori kwa nyundo na katoni. Wakimwita Mama Katoni. Siku moja aligundua ufa kwenye chesisi ya lori fulani akamwambia dereva. Jioni dereva akamwambia umeshashughulikiwa, akamwonyesha rangi mpya, na yeye kwa kuchoka akamwamini, akapanda ili afike nyumbani. Lori lilikatika katikati wakiwa njiani, naye akafa papo hapo. Kazungu mwenyewe hajawahi kumwona. Kakake amemwona.

Utaniuliza kama chesisi yangu ndiyo ile. Sijui, na sikuuliza. Riziki alitaka kuuliza, nikamwomba asiulize.

Jambo moja zaidi. Ile sahani ya mgeni tuliikuta ngazini, imejaa vile vile. Riziki, ambaye lazima ahakikishe kila kitu, alionja. Alikuwa amepika sufuria moja, na kwa mazoea alishatia chumvi kabla mgeni hajaomba. Chakula cha sufuriani kilikuwa na chumvi yake. Cha sahanini hakikuwa na ladha yoyote, kama unatafuna pamba.

Tulitengeneza kama tulivyofundishwa, siku nne, Kazungu akifanya na mimi nikishika tochi kama mwanafunzi. Salma alipika tena. Tangu hapo tumefika Garsen, tumefika Lamu, tumekaa Kikambala wiki nzima nyuma ya shamba la minazi la shemeji yangu, na Riziki ameona vitu vingi kuliko ng'ombe na minara. Lori linakwenda vizuri, sitakuficha. Sasa sijui kuficha. Ila mambo mawili yamebaki.

La kwanza ni katoni. Riziki hulitandika kila asubuhi, hulala chini ya lori na nyundo yake mwenyewe, hugonga kutoka mbele hadi nyuma kabla hajanipa chai. Limeburutwa kwenye tope, limemwagikiwa oili, na halishiki hata doa moja. Lipo vile vile kama siku ile. Nami nimehamia upande wa kushoto wa kitanda. Hakuniomba, nilikuta mto wangu umeshahamishwa.

La pili ni hodi. Imetujia mara tatu tena, zote mchana. Mara moja Kikambala, tukaikuta nati ya gurudumu imegeuka nje ya mstari wake. Mara moja hapo Kilifi, tukakuta mpira wa gesi umeanza kupasuka. Riziki hujibu "Karibu, mama," nami naingia chini bila kungoja kuambiwa.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifanya nikueleze haya. Siku hizi watu wameliona lori letu, na wananiletea yao niwajengee nyumba. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na lori lililotoka chumvini, pamoja na mkewe mwenye mimba, wakataka nyumba upesi. Nilikuwa nimeikwangua chesisi na nikaona kovu la kuchomelewa nisilolipenda. Kazi ilikuwa nzuri, nami nilikuwa naihitaji. Bwana akaniuliza kama chini ni pazima. Nikafungua kinywa kusema ndiyo.

Ngo, ngo, ngo. Chini ya lori lake, si letu. Yule mwanamke mwenye mimba aliinua kichwa, akatabasamu, na kwa kuwa alishaihesabu nyumba ile kuwa yake, akasema, "Karibu."

Nikamwonyesha bwana kovu. Akakasirika, akaondoka na lori lake, na sijui alilipeleka kwa fundi gani.

Kwa hiyo wewe unayetaka nyumba ya magurudumu, jenga, ni raha ambayo sijaipata penginepo. Lakini ukipigiwa hodi kutoka chini, shuka utazame kwa macho yako mwenyewe. Na kama wewe ndiwe uliyepaka ile rangi, usingoje kuulizwa nani analala juu yake. Mwambie leo, kabla hajapanda.